Sampuli ya Turbo

Kasulu ilimsema Reverien Nizigiyimana kuwa ni fundi ambaye hajawahi kukosea kipuri, na yeye alipenda sana kusikia ikisemwa. Akiwa ameinama ndani ya injini, na nyuma yake mtu akimsimulia mgeni, "Mzee huyu akikuambia weka hiki, weka," hujifanya hasikii, lakini spana hutulia kidogo mkononi ili asipitwe na neno.

Jina hilo hakulipata bure. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, hajaota hata meno. Shule aliionja miaka minne, basi. Ujana wake uliishia chini ya malori yaliyokuwa yakipeleka chakula kambini, enzi hizo barabara ya Kibondo ikiwa tope tupu wakati wa mvua. Ufundi aliupata kwa mikono, kwa masikio na kwa pua. Karatasi ya uraia aliipata akiwa mtu mzima mwenye watoto, akaifunga kwenye nailoni mbili na kuiweka chini ya godoro, na mpaka leo mtumishi wa serikali akimpandishia sauti, magoti yake hukumbuka ukimbizi. Mtu wa namna hiyo hulishika jina zuri kwa mikono miwili. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema ili ieleweke aliogopa nini.

Njia yake ya kuchagua vipuri ilikuwa moja tu: sampuli. Huku kwetu, kipuri kikifa, fundi hukifungua, hukifuta grisi, hukifunga ndani ya mfuko wa saruji na kukipakia kwenye basi la Dar es Salaam. Mwenye duka hukipokea, hukigeuzageuza, hukilinganisha na vya kwake, kisha hurudisha pacha wake. Hakuna namba wala kitabu. Kwa malori njia hiyo haikumwangusha Reverien hata siku moja, maana lori la mizigo linabaki na vipuri vyake vya kiwandani mpaka linakufa. Gari la mbio ni habari nyingine. Hilo hakulijua, na mtu wa kumwambia alikuwa anakula naye meza moja.

Mtu huyo ni Ange, binti yake wa tatu, mwenye miaka ishirini na minne. Alisomea ufundi wa magari chuoni Kigoma mjini kwa miaka miwili, akarudi na ovaroli ya bluu na daftari lililojaa namba. Alikuwa na mikono ya baba yake, ila alikuwa na kitu ambacho baba hakuwa nacho: alisoma vibati vidogo vilivyogongwa kwenye vyuma, vile ambavyo Reverien alivipaka grisi na kuvipita. Mzee alijivunia binti huyo kwa siri. Mbele za watu alimtuma kuleta maji.

Siku moja ya Machi, mvua zikiwa zimekolea, gari likaja likivutwa kwa kamba. Subaru ya bluu, fupi, yenye tundu la hewa juu ya boneti na ekzosi pana kama sufuria. Mwenyewe alikuwa Daktari Shamsi, daktari wa meno aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga, mtu msafi, mwenye maneno laini, ambaye mapenzi yake yote aliyaweka kwenye gari hilo. Alilinunua kwa mtu wa Dar, mkono wa pili au wa tatu, Mungu ndiye ajuaye. Hamis, fundi kijana wa gereji ya jirani, alishalipima kwa mashine yake ya kompyuta siku tatu nzima na kushindwa kusema neno la maana.

"Mzee Reverien," Daktari alisema, "mji mzima unanituma kwako."

Basi, hapo kichwa kikavimba. Kwa miaka miwili wateja wa magari madogo walikuwa wakimpita na kwenda kwa Hamis na mashine yake, yeye akibaki na malori ya mihogo na trekta za watu wa Nyakitonto. Sasa gari lililomshinda Hamis limelala uani kwake, na mafundi wote wa mtaa wamesimama mlangoni wakitazama. Akilifufua hili, nani atamwita tena fundi wa zamani?

Waliishusha injini siku hiyo hiyo. Oili ilitoka ikimetameta vumbi la chuma. Beringi zilikuwa zimelika, na pistoni mbili zimeungua kichwani, moja imetoboka kabisa. Bloku lenyewe lilikuwa na mikwaruzo ya kupitisha kidole. Reverien alikata kauli bila kusita: injini hii si ya kutibu, iagizwe nyingine nzima ya mtumba, na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, nayo ibadilishwe kwa sababu mapanga yake yamekula chuma. Hapo hakukosea. Angeishia hapo, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Ange alikuwa amechuchumaa na mswaki na mafuta ya taa, anasugua ubavu wa turbo. Alisoma kibati, akafungua daftari, akaenda kusoma kibati kingine ndani ya gari, akarudi.

"Data," alisema kwa sauti ya chini, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani, "turbo hii si ya gari hili. Imebandikwa. Ni kubwa kuliko ya kiwandani."

"Kubwa si ndiyo nzuri?"

"Oya, Data, si nzuri. Inapuliza hewa nyingi, lakini nozo za mafuta ni zile zile ndogo. Hewa nyingi, mafuta kidogo, moto unakuwa mkali, pistoni inaungua. Ndiyo ugonjwa wenyewe huu. Tukirudisha kama hii, injini mpya itakufa kama ya kwanza. Tuagize kwa namba, ije ile ndogo."

Alikuwa ameiandika namba kwenye kipande cha karatasi. Reverien alikitazama kipande kile, na ukweli ni kwamba alielewa. Si yote, lakini alielewa. Pistoni zilizotoboka alikuwa nazo kiganjani. Kilichomsumbua ni kwamba Hamis alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, masikio yamesimama, na kwamba neno lilitoka kwa mtoto.

"Kalete mfuko wa saruji," alisema.

Sampuli ikapanda basi. Siku ya tatu simu ikalia, mwenye duka yuko upande wa pili, na Reverien, kwa kupenda watu wasikie anavyoongea na Dar, akaweka spika.

"Mzee, turbo kama sampuli yako ninayo," mwenye duka alisema. "Ila kwa aina ya injini unayochukua, kitabu kinaniambia turbo ndogo. Nikutumie ipi?"

Ange aliacha kufuta spana. Alikuwa anamtazama baba yake kwa macho ya kuomba, hakika ndivyo, kuomba, maana kusema asingesema. Katika nyumba yao mtoto hamkanushi mzazi mbele ya mtu wa nje. Ana neno? Atangoja wageni waondoke, ajioshe mikono, alete kinywaji, aombe ruhusa. Na kama mgeni haondoki, neno lake litangoja.

"Mimi nanunua kwa sampuli tangu hujazaliwa," Reverien alimjibu mwenye duka. "Tuma kama sampuli."

Watu walicheka, na mzee akacheka nao, meno nje.

Jioni ile Ange alijaribu tena. Alinawa mikono, akamletea baba yake togwa, akaanza, "Data, naomba niseme." Baba akamwambia amechoka. Huo ndio ukawa mwisho wa maneno.

Injini na turbo viliwasili vikiwa vimefungwa kwenye mbao. Kazi ya kuvifunga ilichukua wiki, na sehemu kubwa aliifanya Ange, kwa usafi ambao sijauona kwa fundi mwingine: kila boliti kwa nguvu yake, kila gasketi mpya, mirija yote ya oili imepulizwa. Aliitendea kazi asiyoiamini kama vile anaiamini. Gari likawaka kwa mkupuo wa kwanza, likanguruma, watoto wakashangilia. Daktari Shamsi alimkumbatia Reverien na ovaroli yake yenye oili, shati jeupe na yote. Wiki mbili nzima mzee alitembea Kasulu akisalimiwa na watu asiowajua.

Wiki ya tatu, Daktari alikuwa anaelekea Kibondo kikazi. Barabara sasa ni lami, na lami humshawishi mtu. Alipopita Makere alikanyaga mafuta mpaka chini. Injini ilipiga kelele kama sufuria iliyojaa kokoto, moshi mweupe ukamfunika, kisha kimya. Lori likambeba yeye na gari lake kurudi Kasulu.

Alipofika gereji hakuwa tena yule mtu wa maneno laini. Alikuwa amempigia mwenye duka akiwa bado barabarani, naye alimwambia jambo moja tu: turbo iliyoagizwa haikuwa ya gari hilo.

"Nani alichagua turbo hii?" aliuliza.

Mtaa mzima ulikuwa umejaa mlangoni. Reverien alisimama na kitambaa mkononi.

"Nauliza, nani alichagua? Kama ni wewe, mzee, nakupeleka polisi, na kila ofisi ya mji huu itajua wewe ni fundi gani. Watu mnapewa nchi, mnapewa na uraia, kisha mnatuharibia mali!"

Lile neno la mwisho lilimpata penyewe. Magoti yakakumbuka. Lakini nasema tena, sitamtetea, kwa sababu kabla ya kufungua mdomo alipata nafasi ya kutosha ya kufikiri. Alimtazama Ange, aliyekuwa amesimama kando ya jeki na ovaroli yake ya bluu. Alijua mtoto huyo hatamkanusha mbele ya watu. Alijua vizuri kuliko alivyojua injini yoyote. Ndiyo maana alisema.

"Ni huyu mtoto, Daktari. Alisoma chuo, nikamwamini. Yeye ndiye alichagua."

Ange aligeuza uso, akamtazama baba yake mara moja. Kisha akainamisha kichwa.

Hamis alikuwepo. Alisikia siku ile kwa masikio yake, "Tuma kama sampuli," naye ndiye aliyecheka kuliko wote. Wengine sita au saba pia walisikia. Hakuna aliyefungua mdomo. Msichana ameharibu injini: habari hiyo ilimezeka kirahisi, wala haikuhitaji maji.

Daktari alipumua. Hasira ilimshuka kwa namna iliyoumiza kuliko hasira yenyewe. "Mtoto wa kike," alisema akitikisa kichwa. "Mzee, na wewe umemwachia mtoto wa kike gari la watu? Haya. Sitakwenda polisi. Kosa la mtoto husamehewa. Ila mtoe hapa, asiguse tena gari la mteja."

"Ndiyo, Daktari," Reverien alisema.

Kesho yake, kwa desturi, familia ilikwenda kuomba radhi. Jeanne, mke wa Reverien, alibeba dumu la asali na mkungu wa ndizi. Hakujua ukweli, mumewe alimwambia yale yale aliyomwambia Daktari. Ange alipiga goti sebuleni kwa Daktari, akasema, "Nisamehe, Daktari, nilikosea," na sauti yake haikutetemeka. Baba alikuwa ameketi kwenye kochi, soda mkononi. Aliinywa mpaka ikaisha.

Ange aliondoka wiki hiyo hiyo. Alikwenda Kibondo kwa rafiki yake aitwaye Winnie, wakakodi meza sokoni, wakawa wanauza mitumba. Mafundi wa Kibondo hawakumchukua, maana simu hufika kabla ya mtu: ni yule aliyeua injini ya daktari. Ovaroli aliiacha msumarini.

Na jina la mzee? Lilipona. Lilipona kabisa, tena likanenepa, kwa kuwa watu walimhurumia fundi mkubwa aliyeponzwa na mwanawe. Hamis alimletea chai asubuhi moja, akamwambia kwa upole wa kuudhi, "Mzee, mimi siku ile sikusikia kitu." Tangu hapo Hamis alikuja kuazima jeki bila kuuliza, na Reverien hakuthubutu kumkataza.

Mwezi wa Septemba mwanamke mmoja aitwaye Asnath, meneja wa ghala la mazao aliyetoka Iringa, akaleta gari lake. Subaru nyingine, ndefu kidogo, turbo vilevile, moshi wa bluu, mlio ule ule ambao Reverien alikuwa akiusikia mpaka usingizini. Akaifumua. Turbo imekufa, injini inaelekea. Alisugua kibati kwa mswaki, akainamisha kichwa, akavaa miwani, akavua miwani. Namba zilikuwepo, lakini hazikumwambia kitu. Sampuli? Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa saruji ukarudi wenyewe.

Alimwambia Asnath angoje siku mbili. Akapanda basi la Kibondo na ile turbo kwenye kapu.

Alimkuta Ange anapanga sweta za watoto. Binti aliposikia hatua zake alinyanyuka, akampokea kapu kwa mikono miwili, akamwekea kiti, akakimbia kumnunulia ugali na maharage kwa mama ntilie. Alimwuliza habari za mama, za shamba, za mvua. Hakuna kitu kilichopungua kwenye heshima yake, na hilo ndilo lililomnyima mzee hamu ya kula.

Aliposogeza sahani, akaifunua turbo. "Mwana wanje, mwanangu," alisema, "nisomee hii. Niagize ipi?"

Ange hakuigusa. "Data, mimi si fundi. Ulisema wewe mwenyewe."

"Nilisema kwa hofu. Unajua."

"Ego, ndiyo, najua." Akakunja sweta, akaiweka juu ya nyingine. "Hapa tuko wawili, na mimi nakujibu hapa kwa sababu tuko wawili. Nitarudi, Data. Nitakusomea kila kibati utakachotaka mpaka uzeeke. Sitaki uniombe radhi, wala usimtafute Daktari. Nataka mara moja tu, mbele ya watu wa pale gereji, useme kwamba sikuchagua mimi. Waambie binti yangu ni fundi. Siku ukisema, nipigie, nitapanda basi la kwanza."

"Nitasema," Reverien alisema, machozi yakimlengalenga. Aliposema hivyo alikuwa na nia ya kusema. Namjua, alikuwa na nia. Njia nzima ya kurudi, kupita Makere mpaka mjini, alikuwa anayapanga maneno kimoyomoyo.

Asubuhi Asnath alifika mapema. Hamis alikuwa pale, ameegemea jeki ya mzee kana kwamba ni yake. Wengine walikuwa wanakunywa uji mlangoni, wale wale.

"Mzee, umepata jibu? Turbo gani?"

"Bado, mama. Hizi turbo zina mambo yake. Zinataka mtu wa namba."

"Nani basi mtu wa namba?" Asnath aliuliza. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka gari lake tu. "Nilisikia palikuwa na dada mmoja hapa, amesomea. Naye hayupo? Hakuna hapa Kasulu mtu anayejua turbo?"

Maneno yote yalikuwa tayari. Mlango ulikuwa wazi, mwanamke yule ameufungua mwenyewe na kusimama kando. Akamwona Hamis ameshusha kikombe, anatabasamu kwa mbali, anangoja. Akawaona wengine wameacha uji. Akaliona jina lake lote limesimama pale kati yao, miaka thelathini, na akaona kwamba neno moja litalibwaga chini.

"Yule alikuwa anaosha vyuma tu, mama," alisema. "Hakuna. Kasulu hakuna."

Asnath alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Alikodi lori, gari likapakiwa, likapelekwa Mwanza kwa mafundi wa huko. Na kutoka Kasulu kwenda Mwanza, lori hupita Kibondo, katikati, kando ya soko.

Saa nane mchana simu ya Reverien ikalia. Aliitazama ikilia mpaka ikakaribia kukata, ndipo akapokea.

"Data, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeona Subaru imepita juu ya lori, inakwenda huko juu. Ndiyo ile ya kapu?"

Alitamani kusema ni nyingine. Lakini kwa mtoto huyu, wakiwa wawili, hakuwahi kuweza kudanganya.

"Ego," alisema. "Ndiyo ile."

Kwenye simu zikasikika sauti za sokoni, mtu akiuliza bei ya suruali.

"Haya, Data," Ange alisema. "Nina mteja. Msalimie mama."